Kadi Iliyorudishwa Jukwaani

Kazi ile niliipata kwa mdomo wangu. Katika kundi la WhatsApp la Watanzania wa hapa Dubai, ambamo kwa kawaida watu huuziana magodoro na kuulizana nauli za ndege, mtu aliandika kwamba anatafuta kijana wa kupanga mafaili ya zamani. Nikajibu, bila kuulizwa, kwamba mafaili ya zamani hayapangwi. Yanaachwa katika mpangilio wa mwenyewe, kisha yanaelezwa. Hilo ndilo jambo la kwanza tulilofundishwa chuoni katika somo la kumbukumbu na nyaraka, na tangu nifike huku nilikuwa sijapata pa kulitumia. Nilikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu kwamba daktari anachelewa kidogo.

Haukupita muda, simu ikaita.

"Wewe ndiye uliyesema yasipangwe?" Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyezoea kuagiza.

"Ndiyo, dada."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukipanga upya mafaili ya mtu unaficha kitu, hata kama hukukusudia."

"Basi njoo uyaone. Ni ya baba."

Baba yake nilimjua kwa sifa, kama kila mtu wa mkoa wetu anavyomjua. Alianza kama karani wa halmashauri, akawa mkuu wa wilaya, kisha mbunge wa chama tawala. Halafu, mambo yakiwa yanamnyookea, akahamia upinzani na kuutikisa mkoa kwa miaka kadhaa, hadi watoto wakawa wanaigiza sauti yake wakicheza. Mwisho akarudi alikotoka, akapewa ujumbe wa bodi, akastaafu. Nje ya mkoa wetu hakuna anayemkumbuka. Ndani ya mkoa, ukimtaja kwenye msiba, watu husogeza viti ili wabishane vizuri. Sasa figo zilikuwa zimemleta Dubai kwa matibabu, na alikuwa akiishi kwa binti yake, kwenye ghorofa moja jipya Al Jaddaf. Chuo kikuu kimoja cha nyumbani kilikuwa kimekubali kupokea karatasi zake, kwa sharti kwamba zije na mwongozo: maelezo ya kila boksi, na ya kila picha. Mwongozo huo ndio uliokuwa kazi yangu, siku zangu za mapumziko.

Niseme mapema kwamba nilikwenda nikiwa simwamini. Mtu anayetunza karatasi zake mwenyewe kwa miaka yote hiyo, akazisafirisha hadi ng'ambo, anamwandikia nani? Nilipofika nikakuta dada keshazigawa. Chumba kimoja aliweka boksi za serikali, kingine za upinzani. Nikamuuliza kama ndivyo zilivyokuwa nyumbani. Akasema hapana, zilikuwa zimechanganyika kwenye makabati ya baba, amezitenganisha ili nisihangaike.

"Ungeacha nihangaike," nilimwambia.

"Mdogo wangu, una maneno," akasema, akaniletea chai ya karak.

Upande wa serikali ulikuwa nadhifu kama masijala ya wilaya: majalada yenye namba, kila barua imetobolewa na kufungwa kamba. Upande wa upinzani ulikuwa na kanda za redio, filimbi, fulana zilizofifia, na hotuba zilizoandikwa nyuma ya karatasi za mitihani ya shule ya msingi. Nilizisoma hotuba za pande zote mbili. Kulikuwa na moja kuhusu barabara, yenye mama mjamzito anayebebwa kitandani hadi hospitali ya wilaya. Katika boksi la serikali, mama yule alikuwa akishukuru kwamba barabara inakuja. Katika boksi la upinzani alikuwa akilalamika kwamba haijaja. Mama ni yule yule, kitanda ni kile kile. Mahali pengine Mheshimiwa hakuhangaika hata kuandika upya; alikata jina la chama kwa kalamu ya wino na kuandika jina la chama kingine juu yake.

Mwenyewe alikuwa akikaa sebuleni, miguu imefunikwa blanketi kwa sababu ya kiyoyozi.

"Umefika mwaka gani, binti?" aliniuliza siku ya kwanza, kama anayemuuliza msafiri amefika kituo gani.

"Mwaka ule barabara haijaja, Mheshimiwa."

"Hapo kaza mkanda. Ina mashimo." Akaniangalia. "Baba yako alinipigia kura?"

"Baba hajawahi kupiga kura."

"Sasa najua kwa nini nilishindwa."

Alinichekesha, na hilo nalo likanitia shaka. Juu ya kichwa chake, kwenye fremu kubwa ya rangi ya dhahabu, ilining'inia picha ambayo familia ilijivunia kuliko zote: Mheshimiwa akiwa jukwaani, shati jeupe, mkono juu, ameshika kadi ya chama tawala. Umati mbele yake haukuwa na mwisho. Kwetu mtu hahami chama kimya kimya. Hupanda jukwaani, akaitoa kadi ya chama anachokiacha, akaiinua watu waione, akamkabidhi mwenyeji wake mpya, ndipo akapewa nyingine na kuvishwa kofia. Kadi ya zamani isipoinuliwa, watu huondoka wakisema bado hajahama. Dada alikuwa ameshanitungia maelezo ya picha ile: "Mheshimiwa akirudisha kadi yake kwa dhamira safi." Nikamwambia kamera haipigi dhamira. Akasema tutaongea.

Jioni ile nilipita Satwa kwa mjomba wangu, kaka wa mama. Yeye ni fundi wa viti vya magari. Duka lao liko kwenye uchochoro wa gereji, na ukimtaka utamkuta ameinamia cherehani, ngozi ya kiti imemfunika magoti. Nilimwambia nimepata kazi ya ziada, na kwa nani. Cherehani ikanyamaza.

"Yuko hapa? Dubai?"

"Al Jaddaf. Unamjua?"

"Namjua," akasema. Akavua miwani. "Mimi ndiye niliyempa ile kadi."

Nilikua nikisikia nyumbani kwamba mjomba aliacha ualimu kwa utoro. Bibi alikuwa hapendi lizungumzwe. Siku ile ndipo niliposikia kisa chake mwenyewe, amekaa juu ya kiti cha gari kisicho na gari.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na moyoni alikuwa upande wa Mheshimiwa kama vijana wengi. Lakini mtumishi wa umma haonekani jukwaani. Kwa hiyo alipoombwa kusaidia matayarisho ya mkutano wa kuhama, alikubali kwa masharti ya kukaa nyuma. Alitafuta spika, viti, maji ya kunywa, kamba ya kuzuia watu. Mheshimiwa alipoitwa kurudisha kadi, alishuka ngazi za nyuma za jukwaa, akamwinamia.

"Akaniuliza, 'Mwalimu, kadi iko wapi?' Watu wanaimba, ngoma zinalia, mtu mzima kaisahau nyumbani! Nikatia mkono mfukoni nikampa yangu."

"Ulikuwa na kadi ya chama tawala?"

"Enzi zetu bila kadi hupati hata uhamisho, mama. Kila mwalimu alikuwa nayo. Nilijua mkutano ukiisha atanirudishia."

Hakurudishiwa. Tawi jipya la upinzani lilifunguliwa mkabala na soko, na nje yake wakasimamisha ubao. Kadi zote zilizorudishwa wakazipigilia misumari pale, zimefunuliwa kwenye ukurasa wa picha, ili watu wahesabu walioingia. Mjomba aliambiwa na wanafunzi wake asubuhi kwenye mstari: "Mwalimu, tumekuona sokoni!"

Akahamishwa hadi mwisho wa mkoa. Mshahara ukawa unachelewa, kisha ikaja barua ya kumwachisha kazi kwa kujihusisha na siasa. Angebisha nini, na sura yake iko ubaoni? Nyumbani wakaona afadhali kusema alitoroka kazi kuliko kusema alifukuzwa. Ndugu mmoja akamtafutia viza. Alianza Al Ras, akibeba magunia ya iliki na mdalasini, baadaye akajifunza viti. Hajawahi kufundisha tena.

"Na hukumtafuta?"

"Nimwambie nini? Naomba kadi yangu?" Alicheka, lakini kidogo. "Jambo moja tu nataka kulijua kabla hatujafa, mimi au yeye. Alisahau kweli? Au alinitoa mimi ili asijitoe yeye?"

"Nitamuuliza."

"Usithubutu. Mtu mzima haulizwi hivyo na mtoto. Wewe si umesomea mafaili? Tazama mafaili."

Tangu hapo sikuwa nikiyaeleza maboksi, nilikuwa nikiyapekua. Dada alikuwa akiingia na kutoka, akiniuliza nimefika wapi, nami nikimjibu kwa ufupi. Sikupata chochote kwenye majalada wala kwenye hotuba. Kadi niliikuta mahali pasipo na siasa kabisa: kwenye bahasha ya hospitali, pamoja na kadi ya kliniki na picha ndogo za pasipoti. Ilikuwa ya chama tawala, ya zamani, kona zimelainika, na ndani yake alikuwamo Mheshimiwa akiwa kijana mwenye nywele nyingi.

"Dada, na hii?"

Aliitazama haraka. "Hiyo ni ya pili. Alipewa aliporudi."

"Ya pili nimeiona kwenye boksi la bodi. Ni ya aina mpya."

"Basi hiyo ni nakala."

"Kadi ya chama haina nakala, dada."

Aliichukua mkononi mwangu, akaiweka mezani, akaifunika kwa gazeti la matangazo ya nyumba. Halafu akaenda jikoni kumkemea mtu kwa simu.

Nikasimama mbele ya picha ya fremu. Mheshimiwa alikuwa amesinzia chini yake. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara nyingi, kila mara nikifuata mkono ulioinuliwa, kama alivyotaka mpiga picha. Safari hii nilitazama shati. Lilikuwa shati jepesi, limelowa jasho, na ndani ya mfuko wa kifuani kulikuwa na kitu cha mstatili, kimechungulia kidogo juu. Ukubwa wake ulikuwa ule ule wa kile alichokishika juu.

Nikapiga picha kwa simu na kumpelekea mjomba ana kwa ana. Aliikuza kwa kidole gumba chenye gundi, akaipunguza, akaikuza tena.

"Inaweza kuwa pakiti ya sigara," akasema.

"Alikuwa anavuta?"

"Hapana."

Alinirudishia simu. Nilitarajia hasira. Nilikuwa nimeshamtayarishia hata maneno ya kumtuliza.

"Jumapili nitakuja na wewe," akasema.

"Si ulisema mtu mzima haulizwi?"

"Na mtoto. Mimi ni mtoto?"

Alikuja amepiga pasi shati la mikono mirefu na amenyoa ndevu. Pale chini ya jengo la Al Jaddaf, mlinzi, Mkenya wa bara aliyezoea kunitania kila nikipita, alimtazama juu hadi chini.

"Sister, leo umeleta mzee? Mnaenda kuposa ama?"

"Tunaenda kudai kadi," mjomba akajibu.

"Kadi ya nini?"

"Ya zamani."

"Haya, hiyo hata mimi singeacha," mlinzi akasema, akatufungulia.

Nilikuwa sijamwambia dada kwamba ninakuja na mtu. Alipofungua mlango nikasema ni mjomba wangu, amekuja kumjulia hali Mzee, na hilo kwa mtu wa kwetu halina kipingamizi. Akatukaribisha. Ile kadi ya bahasha ya hospitali ilikuwa bado mezani, chini ya lile gazeti; niliona kona yake.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni yule mwalimu."

"Walimu walikuwa wengi, ndugu yangu. Ndio walionipigia kura."

"Wa mkutano wa kuhama. Uwanja wa shule."

Mzee alikunja uso, akamtazama kwa muda, kisha akapiga mkono wa kiti. "Mwalimu wa spika! Spika zako zilikoroma mkutano mzima! Watu wa nyuma walidhani ninakohoa!"

"Betri zilikuwa mbovu," mjomba akasema, na kwa sekunde moja nilimwona yule kijana aliyesimama nyuma ya jukwaa, anajitetea.

Dada akaleta juisi na visheti. Mjomba akashukuru, hakugusa. Mheshimiwa akamuuliza habari za Dubai, za joto, za kafeel wake, yule mdhamini wa viza. Mjomba alijibu yote kwa heshima, kisha akaweka mikono magotini.

"Mheshimiwa, nina swali moja, halafu nitakuacha upumzike. Siku ile ulishuka ukaniuliza kadi iko wapi, nikakupa yangu. Yako ilikuwa wapi?"

"Baba amechoka," dada akaanza.

Mzee aliinua kiganja, na dada akanyamaza kama anavyonyamaza mtu aliyelelewa na mkuu wa wilaya.

"Yangu? Mfukoni." Akageuka kwa taabu, akanyoosha kidole kwenye fremu. "Ile pale. Inachungulia."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kukana. Nilikuwa na picha kwenye simu, nilikuwa na kadi chini ya gazeti, nilikuwa na maswali yaliyofuatana. Ushahidi wangu wote yeye alikuwa ameutoa kama mtu anayemsogezea mgeni kiti.

"Kwa hiyo hukusahau," mjomba akasema polepole.

"Nisahau kadi? Mwanasiasa husahau siku ya kuzaliwa mkewe, mwalimu. Kadi hasahau."

"Basi ulinitoa mimi."

"Nikakutoa wapi?"

Mjomba akamsimulia. Ubao, soko, wanafunzi kwenye mstari, shule ya mwisho wa mkoa, barua, magunia ya Al Ras. Hakupandisha sauti. Mzee alikuwa ametega sikio kwa mkono, na kadiri kisa kilivyoendelea ndivyo mdomo wake ulivyofunguka.

"Ngoja. Ngoja kwanza. Ulinipa kadi yako? Yako wewe? Yenye picha yako?"

"Ndiyo!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uliomba!"

"Niliomba kadi ya kurudisha! Nani alikuwa anarudisha ya kwake?" Akamgeukia binti yake, akanigeukia mimi, kama anayetafuta mtu mmoja mwenye akili chumbani. "Kila mtu wa jukwaani alikuwa na mtu wake wa kadi. Mtu wa kadi anakuja na mfuko: kadi za marehemu, kadi za waliohamia mjini, kadi ambazo wazee wamewaachia wajukuu wachezee. Unachukua moja, unainua ikiwa imefungwa, watu wanafurahi, inapigiliwa. Marehemu hafukuzwi kazi. Mkutano ule mtu wa kadi ulikuwa wewe."

"Hakuna aliyeniambia."

"Mwalimu, hayo hayaambiwi."

Kiyoyozi kilikuwa kikivuma. Mimi nilikuwa na nadharia mbili tu, alisahau au alimtumia, na nilikuwa nimeshachagua. Hii ya tatu haikuwa imenijia. Sikuiamini. Mtu anayeweza kumhamisha mama mjamzito kutoka chama hadi chama kwa mkato mmoja wa kalamu hashindwi kuugeuza uonevu kuwa bahati mbaya, palepale, mbele ya visheti. Nikamuuliza, ingawa mjomba alinikataza.

"Na ubaoni, Mheshimiwa? Hukuiona ile kadi na picha yake?"

"Niliiona."

"Na hukushangaa?"

"Nilishangaa sana. Nikasema, huyu mwalimu ni simba! Ametoa ya kwake, na sura juu! Nikawa namtaja kila mkutano. 'Hata walimu wametoka gizani,' nasema, halafu namtaja."

Mjomba aliinua kichwa. "Ulinitaja kwa jina?"

"Kwa jina na kwa shule."

"Ndiyo maana afisa elimu aliponipa ile barua aliniambia, 'Wewe sasa unatajwa hadi milimani.' Nilidhani ananikejeli."

"Hapana, nilifika milimani," Mzee akasema, kwa fahari, kisha akaona uso wa mjomba na fahari ikamtoka. "Baadaye nilisikia umekwenda Uarabuni. Nikafikiri umepata."

Hilo ndilo pekee nililoliamini bila swali siku ile. Kwetu, mtu akienda Uarabuni hakuna anayeuliza amekwenda kwa nini. Wote hufikiri amepata.

Mjomba aliinua macho kwenye fremu. Nilijua anachofanya: alikuwa akirudi nyuma ya lile jukwaa, anaichukua ile siku tena tangu mwanzo, safari hii akiwa na mfuko wa kadi za marehemu begani. Angekuwa nao, leo angekuwa mwalimu mkuu mstaafu, anakaa barazani kwake, anasalimiwa na watu aliowachapa.

"Naomba kitu kimoja," hatimaye akasema. "Huyu binti anaandika maelezo ya picha ile. Naomba iandikwe ukweli."

"Imeshaandikwa," dada akasema. "Mheshimiwa akirudisha kadi yake."

"Si yake."

"Mjomba, chuo wanataka maelezo mafupi," dada akamwambia. "Nani atasoma kisa kizima?"

"Kiwe kifupi. Kiwe kweli."

Mheshimiwa alikuwa amejiinua kitini. Nilimwona akibadilika, blanketi lilikuwa limemteleza, macho yamechangamka. Alikuwa ameitwa kwenye kikao. "Andika hivi," akaniambia. "Mheshimiwa akirudisha kadi iliyotolewa kwa hiari na mwalimu mzalendo."

"Sikutoa kwa hiari," mjomba akasema.

"Nilikunyang'anya?"

"Hapana."

"Basi ni hiari."

"Nilitoa kwa kutojua."

"Kutojua usiweke kwenye kumbukumbu, utaonekana mjinga."

"Nilikuwa mjinga. Andika."

"Tuseme kwa imani."

"Imani kwa nani?"

Nikaona niingilie, kwa sababu wote wawili walikuwa wamenigeukia kama katibu wa kikao. Nikawaambia maelezo hayasemi kilichokuwa moyoni mwa mtu, yanasema kilichotokea. Nani aliomba, nani alitoa, kilitoka wapi. Nikaandika na kuwasomea: "Mheshimiwa aliomba kadi ya kurudisha, mwalimu akatoa ya kwake. Kadi ya Mheshimiwa ilibaki mfukoni."

"Hapo pa mfukoni patoe," Mzee akasema. "Panaonekana kama wizi."

"Panaonekana kama mfuko," mjomba akasema.

Mheshimiwa alimkodolea macho, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa, dada akakimbilia maji. "Iache," alisema alipopata pumzi. "Iache kama ilivyo, huyu angenifaa sana kamatini."

"Baba, watu watasoma!"

"Watu gani? Wasomi? Si ndio kazi yao?" Akanionyesha kidole. "Na jina lake liwekwe. Lote."

Hapo shaka zangu zikarudi zote pamoja. Kwa nini ukarimu huu? Mtu aliyewahi kumtaja mwenzake hadi milimani na kumponza, sasa anataka kumtaja tena, na safari hii kwa maandishi yasiyofutika. Pengine alitaka kugawana lile jukwaa, ili msomaji wa kesho akitafuta wa kulaumu akute majina mawili. Nikamwambia mjomba kwamba si lazima, tunaweza kuandika "mwalimu" tu na itoshe. Dada akaunga mkono haraka mno.

Mjomba alifikiri. Nilimwona akiupitisha ulimi kwenye meno, kama afanyavyo akipima ngozi ambayo haitoshi kiti.

"Safari hii angalau nimeulizwa," akasema. "Leta kalamu."

Aliandika mwenyewe kwenye rasimu yangu, majina yake matatu na jina la shule, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima kila moja na nafasi yake. Dada alikuwa amesimama na glasi ya maji. Nikainua gazeti la matangazo, nikaichukua ile kadi, nikaitia kwenye bahasha yake na kuandika juu ya bahasha namba ya ile picha, ili zisafiri pamoja. Dada aliniona. Aliiacha.

"Hizi zikifika chuoni," mjomba akaniuliza, "anaruhusiwa kuziona nani?"

"Yeyote, mjomba. Anajaza fomu, anaonyesha kitambulisho, anasomea palepale."

"Hata yule afisa elimu?"

"Hata yeye. Kama yu hai."

"Yu hai," mjomba akasema, akinirudishia kalamu. "Huwa naulizia."